Alama Moja Juu

Usiku wa kuamkia shindano umeme ulikatika Kiboriloni,
baba akasema afadhali tulale:
baruti na chemli havikai meza moja.

Asubuhi akafungua dirisha la mashariki,
akaniita Aikaruwa, jina langu zima,
analolitoa penye kazi tu.
Maganda ishirini ya shaba yalikuwa yameoshwa kwa ndimu,
yamekauka juu ya chekeche
ambalo halijaona kahawa tangu bei ianguke.
Na mizani ya sonara,
aliyoinunua siku duka lilipofungwa,
sahani zake mbili kama sosa za kikombe.

Nilikuwa nimemletea ya betri kutoka kazini,
ile tunayopimia kahawa ya kuonja.
Akazitazama namba zikirukaruka.
"Hii inabahatisha," akasema,
"halafu inajifanya ina hakika."
Akairudisha kwenye boksi lake kwa adabu,
kama mtu anayemrudishia mgeni kofia.

Akapima.
Zamani baba alipeleka mashairi gazetini,
na hata leo midomo yake huhesabu anapomimina:
nane, pumzika, nane.
Punje nyeusi zikashuka kwenye mrija mrefu
polepole, kila moja itafute ubavu wake.
"Ukimwaga kwa pupa zinalala kama walevi."
Juu yake kiduara cha karatasi ngumu
kutoka kalenda ya usharika ya mwaka juzi;
ganda la saba likapata kipande cha Pasaka.
Juu yake risasi aliyoiyeyusha mwenyewe,
imepakwa nta ya nyuki na mafuta ya kondoo,
chumba kikanuka kama sikukuu iliyolala.

Sikumwambia nilichokiona.
Mshale wa mizani ulisimama kando ya mstari,
unywele mmoja, kushoto,
naye akasema, "Sawa."
Ganda la pili, unywele uleule.
"Sawa."
Mtoto wa jicho alikuwa amekua mle ndani
na baba hakuwa amemtaja kwa yeyote.

Bondeni, ng'ambo ya Weruweru,
wengine walikuja na darubini na mikeka ya kulalia.
Daraja la bunduki za kale tulikuwa watatu.
Yetu ni ya babu, ya enzi za Mjerumani;
ina namba, ina kibali,
inasafiri ndani ya khanga ya marehemu mama.
Baba akakaa kwenye kiti cha plastiki,
karatasi za kibali mfukoni, mkono juu ya mfuko.

Nikalala kifudifudi.
Mlio wa kwanza ulinisukuma bega kama jirani mwenye haraka,
kisha wingu jeupe, harufu ya yai bovu,
na katibu wa klabu, mtu wa Arusha, akikohoa:
"Sasa nimejua mji wenu ulikopata jina!"
Nikapuliza pumzi mtutuni mara tatu, masizi yalainike.
La pili. Pumzi. La tatu.
Hadi tano, za majaribio.

Kijana akaleta karatasi ya shabaha mbio.
Weusi wa katikati ulikuwa mzima.
Kiganja kimoja chini yake,
matundu matano yamebanana,
yote yangefunikwa na sahani moja ya ile mizani.

Baba akaisogeza karatasi hadi puani.
"Nimekosea."
"Umekosea sawasawa," nikasema.
Hakujibu. Akayapapasa matundu kwa ukucha,
moja, mbili, akarudia la tatu,
na sikujua kama anacheka
au ni moshi bado uko machoni.

Habari ya jicho ingengoja Jumatatu.
Nikarudi kulala kwenye nyasi,
nikapandisha kilengeo alama moja juu,
yeye nikamwacha alivyo.
Nyuma yangu, kwa sauti ya chini,
nane,
akapumzika,
na katika pumziko hilo nikafyatua.